Geuza Kitambaa Uone

Kitambaa cha kochi kilicho mbele yangu ni cha pamba nyeupe iliyokwisha kugeuka rangi ya chai. Kina maua mekundu matano, majani, na maneno "Karibu Mgeni". Sebule za Temeke na Magomeni zilikuwa zimejaa vitambaa hivi. Wasichana walijifunza kudarizi katika vipindi vya sayansi kimu, wengine kwa shangazi barazani. Leo viko masandukuni, au vinafutia masufuria.

Anayetaka kukifanya kazi ya sanaa mara nyingi huanza na mkasi. Hukata ua, akalibandika kwa gundi kwenye kanvasi na kupaka rangi pembeni. Kwangu mimi kazi imeshaharibika hapo, tena kiufundi, ladha tuiweke kando. Mshono wa darizi haukai juu ya kitambaa. Unakipenya na kurudi, na mwisho wake hushikwa na fundo au na mkia wa uzi uliofichwa chini ya mishono ya jirani. Ukikata katikati ya ua, fundo linabaki upande mwingine na mishono inaanza kufumuka. Gundi nayo hukakamaa, hupiga umanjano kadiri miaka inavyokwenda, na huziba mgongo wa kitambaa moja kwa moja.

Na mgongoni ndiko kwenye habari. Kwa mbele maua yangu yanafanana kama mapacha. Nikigeuza, naona uzi mwekundu umeruka kutoka ua la kwanza hadi la tatu bila kukatwa: mdarizi alikuwa anabana matumizi. Kwenye herufi M kuna mafundo matatu yamerundikana. Alikosea, akafumua, akarudia. Msanii anayeficha upande huo amemfuta mwenzake.

Acaye Kerunen wa Uganda alikabili jambo la jamaa na hili, ila kwa ukili na majani badala ya nyuzi za pamba. Mwaka 2022 Uganda ilishiriki Biennale ya Venice kwa banda lake la kwanza la taifa, na banda hilo likatajwa kwa heshima na majaji. Humo Kerunen alionesha mikeka na vikapu vilivyosukwa na wanawake wa nchini kwake, akavifumua na kuviunga upya kwa kushona kwa mkono hadi vikawa maumbo makubwa ya kutundikwa. Msuko wa awali bado unaonekana.

Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kushinda tuzo ya Turner mwaka 2017, alipita njia nyingine. Mwaka 2007 alikusanya vyombo vya mezani vya zamani 100 huko Uingereza na kuchora watu juu yake, wakiwemo watumwa na mabwana. Nakshi za kiwandani hakuzifuta zote, zinachungulia kandokando. Kwenye darizi, mbinu hiyo maana yake ni kuongeza uzi mpya wa rangi ambayo mdarizi wa kwanza hakuitumia, ili ijulikane nani alishona nini.

Kwa hiyo kitambaa kibaki kizima. Kishikizwe pembezoni kwa mishono mirefu isiyokazwa, juu ya kipande cha marekani kilichofuliwa kwanza ili kisije kunywea baadaye. Marekani ikatwe dirisha, kisha kazi itundikwe katikati ya chumba watu waizunguke. Ukutani unyevu wa pwani huleta kuvu, na jua la dirishani hula rangi nyekundu kabla ya nyingine.

Kama unacho sandukuni, usikimbilie kufua. Lowesha pamba, gusa uzi mwekundu kwa nyuma. Ikitoka na rangi, kiache kilivyo. Na Jiki, tafadhali, ibaki kwa mashati ya shule.