Jembe la mkono wa kushoto

Chukua nokturni ya Frédéric Chopin iliyo katika ufunguo wa Eb, ya pili katika fungu la Opus 9, kisha uache mkono wa kulia upumzike. Piga wa kushoto peke yake. Nota moja ya besi chini, akodi mbili juu yake; nota moja, akodi mbili; mara nne katika kila kipimo. Kipande kizima kina vipimo 34, na mwendo huo haukatiki hadi karibu na mwisho. Hakuna pambo wala mshangao. Ni jembe linalopanda na kushuka.

Neno jembe nimelitumia kwa makusudi. Aliyekulia vijiji vya Shinyanga au Geita ameona bugobogobo, ngoma ya kilimo ya Wasukuma, na kama hakuiona shambani ameiona uwanjani siku ya sherehe. Wakulima wanasimama safu moja, ngoma kubwa inapigwa, majembe yanashuka kwa pamoja. Juu ya mwendo huo anaimba ningi, mwimbaji kiongozi. Yeye hafungwi na jembe. Anachelewesha neno, anarefusha irabu mpaka unadhani amesahau, kisha anakimbiza maneno matano mahali pa mawili na kutua palepale ngoma inapotua. Majembe hayamsubiri. Yakimsubiri, safu inavunjika na mtu anaweza kukatwa mguu.

Nasema wazi ninachoamini: msikilizaji wa Kisukuma tayari ana sikio la kuielewa nokturni hii, na wapigaji wengi wanaiharibu kwa sababu wanamfanya mkulima amsubiri mwimbaji.

Nokturni maana yake ni muziki wa usiku. Aliyeifanya kuwa kipande kifupi cha piano ni John Field, mzaliwa wa Dublin aliyeishi miaka mingi Urusi, ambaye nokturni zake zilianza kuchapishwa katika miaka ya 1810. Chopin alizaliwa Poland mwaka 1810, akaondoka Warsaw mwaka 1830, akafika Paris mwaka uliofuata. Opus 9 ilichapishwa mwaka 1832 na kutunukiwa Marie Pleyel, mpiga piano aliyekuwa mke wa mtengeneza piano Camille Pleyel. Kutoka kwa Field Chopin alichukua umbo: mkono wa kushoto unatandika, wa kulia unaimba. Namna ya kuimba aliichukua kwingine, kwenye opera ya Kiitalia. Aliwapenda waimbaji wa opera hiyo na kuwahimiza wanafunzi wake waende kuwasikiliza, kwa kuwa kwake kidole kilipaswa kujifunza kutoka kooni.

Tusome melodia yenyewe kwa namna ya kwaya, yaani kwa do-re-mi. Juu ya karatasi tungeandika Do = Eb. Sauti inaanza kwenye s ya chini na kuruka moja kwa moja hadi m. Mwalimu yeyote wa kwaya anajua mruko huo unavyowasumbua masoprano: ukiukimbilia, m inatoka kama kelele, ukiuogopa, inatoka chini ya mahali pake. Mwimbaji mzuri hutumia pumzi kidogo kabla ya kuruka. Piano haina mapafu, kwa hiyo pumzi hiyo mpigaji aiweke kwenye kifundo cha mkono: kiinuke taratibu baada ya s, kishuke na m. Katika kipimo cha pili mruko unakuwa mkubwa zaidi, oktavu nzima kutoka l ya chini hadi l ya juu. Huko juu nyundo ikigonga kwa nguvu, wimbo wote unageuka kuwa zoezi la vidole. Ile l ya juu iguswe kama mtu anayeita jina mlangoni usiku, asiyetaka kuamsha nyumba nzima.

Wazo hili kuu linasikika mara nne, kuanzia kipimo cha 1, cha 5, cha 13 na cha 21. Mara ya kwanza limevaa nguo ya kawaida. Mara ya pili linapata mtetemo na nota ndogo za kuzunguka. Kadiri linavyorudi mapambo yanaongezeka, nota zinateleza kwa nusu-toni kama machozi yanayotafuta njia yake shavuni. Besi na akodi chini yake zinabaki karibu zilezile. Basi swali la mpigaji ni hili: mapambo hayo ni nini? Je, ni nota za kuhesabu, kila moja na thamani yake, au ni mdomo wa mwimbaji?

Jibu tunalo kutoka kwa Chopin mwenyewe. Katika nakala za wanafunzi wake aliandika kwa penseli mapambo mengine tofauti kwa ajili ya nokturni hii hii. Hakuona aibu kubadili kilichokwisha kuchapishwa. Raoul Koczalski, aliyefundishwa na Karol Mikuli, mwanafunzi wa Chopin, aliirekodi mwaka 1938 akiwa na mapambo ya aina hiyo, na anayeisikia kwa mara ya kwanza hushtuka, kama unavyoshtuka ningi unayemfahamu anapougeuza wimbo wake katikati ya shamba. Ushauri wangu kwa anayeanza si kubuni mapambo yake. Apige yaliyoandikwa, lakini akijua yalikuwa chaguo la jioni moja. Ukijua hivyo mkono unalegea wenyewe.

Sasa mkono wa kushoto, ambako ndiko tunakoanguka. Neno linalotajwa kila mara juu ya Chopin ni rubato, yaani kuiba muda, na wengi hulielewa kuwa ruhusa ya kupunguza mwendo popote moyo unapotaka. Wanafunzi wake, wakiwemo Mikuli na Wilhelm von Lenz, walishuhudia kinyume chake. Aliwafundisha kwamba mkono wa kushoto ndiye kiongozi wa okestra, hauyumbi. Wa kulia ndio ulio huru. Kilichoibwa hapa lazima kilipwe pale, ndani ya mwendo uleule.

Mimi niliisoma kanuni hiyo miaka mingi bila kuitii. Nilikuwa nikifanya mazoezi kwenye kinanda chetu cha kwaya, mlango wazi, na mzee mmoja wa jirani, aliyelima bugobogobo ujana wake wote, akakaa kwenye benchi la nyuma. Nilipomaliza akaniita.

"Mjukuu wangu, unaimba vizuri. Lakini jembe lako linachelewa."

"Nachelewesha kwa huzuni, babu."

"Huzuni ni ya mwimbaji. Jembe lina kazi."

Tangu siku hiyo hufanya hivi: napiga mkono wa kushoto peke yake huku nikiimba melodia kwa mdomo. Mdomo unachelewa wenyewe panapostahili, mkono unaendelea, na mahali viwili hivyo vinapokutana tena hapahitaji kufundishwa. Baada ya wiki moja naurudisha mkono wa kulia.

Jembe, hata hivyo, si karasha. Anayeishi karibu na mialo ya dhahabu ya Geita anaijua sauti ya karasha linalosaga mawe usiku kucha: iko sawasawa, lakini haina pumzi. Safu ya wakulima hupungua mwendo jua linapopanda, na hupungua yote kwa pamoja, ngoma ikiongoza. Chopin naye ameandika mahali ambapo safu nzima inapunguza, mathalani kipimo cha 12, ambapo akodi zinahama haraka kwa nusu-toni kama mtu aliyepotea njia gizani, kabla ya kurudi nyumbani kwenye Eb. Hapo punguza mikono yote miwili. Kwingineko kote, mkono wa kushoto uendelee.

Kuhusu kasi, uchapaji wa awali unaonyesha nota za nane 132 kwa dakika, yaani mapigo makubwa 44. Kwa hesabu hiyo kipande kingeisha kwa dakika tatu na kidogo. Wapigaji wengi hutumia dakika nne na zaidi. Sisemi tuishike saa, lakini nokturni hii ni nyepesi kuliko tulivyozoea kuisikia, na mapambo yake hupumua vizuri zaidi mwendo usipokuwa wa mazishi.

Sehemu ya kati, kuanzia kipimo cha 9, sina mengi ya kusema juu yake. Inahamia ufunguo wa jirani, inasema neno lake, inarudi.

Neno kwa wenzangu wa vinanda vya kanisani. Kinanda cha funguo 61 kinatosha kujifunzia mengi, lakini bila pedali nokturni hii inakufa. Kidole kidogo kinagusa besi kisha kinaiacha ili mkono uwahi akodi. Pedali ndiyo inayoishikilia ile besi chini ya akodi zake. Tafuta pedali ya kuchomeka nyuma ya kinanda, hata iliyotumika. Ibonyeze mara tu baada ya besi kugongwa, ibadilishe besi inapobadilika. Zima mdundo wa kujiendesha. Chagua sauti ya piano, na hakikisha kinanda kinatofautisha kidole kizito na chepesi, kwa kuwa besi inatakiwa isikike, akodi mbili ziwe nusu yake, na melodia iwe juu ya zote. Hizo ni ngazi tatu za sauti kwa mikono miwili, na kazi ngumu ya kipande iko hapo zaidi kuliko kwenye mapambo.

Tufike mwishoni. Kuanzia kipimo cha 29 sauti inapanda, mkono wa kulia unashika oktavu, na Chopin anaandika kwamba ipigwe kwa nguvu na kwa kubana. Halafu, katika kipimo cha 32, anaandika senza tempo, bila mwendo. Kwa mara ya kwanza tangu wimbo uanze mkono wa kushoto unanyamaza. Mwimbaji amebaki peke yake juu kabisa, akirudia kikundi cha nota nne tena na tena, haraka, kisha polepole, kisha kwa sauti inayozimika.

Nguvu ya mahali hapo haitoki kwenye zile nota nne. Inatoka kwenye vipimo 31 vilivyotangulia, ambavyo jembe halikusimama. Mpigaji aliyeusimamisha mkono wa kushoto kila alipoguswa moyo atafika hapa akiwa hana cha kusimamisha, na msikilizaji hatajua kwamba kuna kitu kimetokea. Aliyeushikilia atasikia ukumbi mzima ukiacha kupumua.

Kisha vipimo viwili vya mwisho. Mwendo unarudi, laini, pp halafu ppp, Eb juu ya Eb. Usiharakishe pedali. Iache akodi ya mwisho ipungue mpaka usikie tena vyura na jenereta ya jirani, ndipo uinue mguu.