Kaseti ya Chumbani Iliyogeuka Albamu: Jinsi Nebraska Ilivyorekodiwa

Januari 1982, katika nyumba ya kupanga huko Colts Neck, jimbo la New Jersey nchini Marekani, Bruce Springsteen alirekodi chumbani rundo la nyimbo mpya. Alikusudia kuandaa sampuli tu, ili bendi yake ya E Street Band ijifunze nyimbo hizo kabla ya kuingia studio. Septemba mwaka uleule, kaseti hiyohiyo ikatoka kuwa albamu, Nebraska. Wengi wanaofungua studio nyumbani huitaja kuthibitisha kwamba vifaa vya bei nafuu vinatosha. Vilitosha kweli. Ila ukifuatilia kazi yenyewe utaona gharama ilijificha wapi.

Mashine ilikuwa Portastudio 144 ya kampuni ya TEAC, iliyoingia sokoni mwaka 1979. Ilikusanya kinasa sauti na mikisa katika kisanduku kimoja, na ilitumia kaseti ya kawaida. Kaseti ya stirio hubeba njia nne za sauti, mbili kwa kila upande. Portastudio ilizitumia zote nne kwa mkupuo mmoja na kuzungusha kanda kwa kasi maradufu, kama sentimita 9.5 kwa sekunde, ili sauti iwe safi zaidi. Usafi huo ulilipiwa kwa muda: kaseti ya dakika 60 ilibaki na dakika 15 tu.

Fundi wa magitaa wa Springsteen, Mike Batlan, ndiye aliyeinunua na kuiendesha. Maikrofoni zilikuwa mbili, Shure SM57. Springsteen alipiga gitaa huku akiimba, njia mbili zikajaa. Mbili zilizobaki ziliwekwa sauti ya pili, kinanda cha mdomo au gitaa jingine.

Hapa ndipo ninapoona ufundi wote ulipo. Mtu akiimba huku anapiga gitaa, sauti yake huingia kwenye maikrofoni ya gitaa, na gitaa huingia kwenye ya sauti. Huwezi kurudia mstari mmoja uliokosewa na kuuacha mwingine. Ama wimbo mzima umekubali, ama unaanza upya. Ndiyo maana ukisikiliza Nebraska unasikia mtu anayeshikilia hadithi yake tangu mwanzo hadi mwisho bila kuachia. Kompyuta yenye njia mia haitakupa hilo, usipojiwekea sharti mwenyewe.

Kuchanganya kulifanyika palepale. Njia nne zilipitishwa kwenye Echoplex, kifaa cha mwangwi, zikanaswa na redio kaseti ya Panasonic iliyokuwa imewahi kuangukia majini. Mwangwi ukaungana na sauti moja kwa moja. Hakuna fundi ambaye angeweza kuutoa baadaye.

Bendi ilizijaribu nyimbo hizo studio, na nyingi zikapoteza uzito wake. Ikaamuliwa kaseti yenyewe itolewe, na hapo bili ikafika. Kaseti ilikuwa na kelele, na kuipeleka kwenye santuri kuliwatoa jasho mafundi mabingwa katika zaidi ya studio moja, kwa vyombo vya thamani kubwa. Hatimaye ilifaulu kwa kuchonga santuri kwa kiwango cha chini cha sauti. Pesa iliyookolewa mwanzoni ilidaiwa mwishoni.

Kwa anayepanga studio ya chumbani leo, Dar es Salaam au Mombasa, ningeanzia kwenye maikrofoni. Maikrofoni ya dainamiki kama SM57 hunasa kilicho karibu nayo, hivyo husamehe feni, bodaboda na chumba kisicho na mapazia. Kondensa ya bei ya chini huvikusanya vyote, na bado wengi huikimbilia kwa sababu inapendeza pichani. Pesa inayobaki iende kwenye kadi ya sauti yenye kikuza sauti kitulivu, kwani dainamiki hutoa mawimbi dhaifu yanayohitaji kukuzwa sana. Godoro lisimamishwe nyuma ya mwimbaji. Rekodi kwa biti 24, vilele vya sauti vikibaki kama desibeli 10 chini ya kikomo, kwa sababu sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi ni vigumu mno kuirudisha ilivyokuwa. Na mwangwi uwekwe kwenye njia yake peke yake, ili prodyuza atakayemalizia kazi aweze kuuzima.