Makala ya Berkeley ya 1988 na diski zetu za okazyo

Safari hii nasoma pamoja nanyi andiko la zamani kidogo: makala ya David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, waliyoitoa Chicago mwaka 1988. Ndiyo ilileta neno RAID. Naisoma juu kuna shauri linazunguka kati yetu hapa Uvira: chukua diski mbili za okazyo, ziunge, faili ikatwe vipande na kuandikwa kwenye zote mbili kwa wakati mmoja, basi mashini itaenda mbio mara mbili.

Wazo lao naliheshimu. Wakati ule diski kubwa kama IBM 3380 ilikuwa mali ya matajiri. Wao wakauliza, mbona tusipange diski ndogo nyingi za bei ya chini zifanye kazi pamoja? Kwa mtu wa Kalundu au Kavimvira hoja ile inaingia bila kupiga hodi. (Herufi I ya RAID, iliyosema “bei rahisi”, baadaye ikageuzwa kuwa “kujitegemea”. Nafikiri hakuna mchuuzi anayependa kuuza kitu chenye jina la urahisi.)

Lakini hesabu yao inasimama juu ya diski zinazofanana. Ndani kuna alama moja, S, ambayo wengi wanairuka. Ni kipimo cha kuchelewa: ombi linalogusa diski nyingi haliishi mpaka ile ya mwisho imalize. Wao wanaiweka kati ya 1 na 2, na diski zikizunguka kwa mpatano inakuwa 1. Sasa enda kwenye meza ya muuzaji wetu: moja inazunguka mara 7200 kwa dakika, ingine 5400. Ya kwanza inamaliza mzunguko kwa milisekunde 8.3, ya pili 11.1. Mpatano gani hapo?

Tuseme, kwa mfano tu, moja inasoma megabaiti 150 kwa sekunde, ingine 90. Usitegemee 240. Vipande vimegawanywa sawasawa, kwa hiyo yenye mbio inamaliza yake na kungoja; unapata kama 180. Ukubwa ni vilevile: unga ya gigabaiti 500 na ya 1000, mara nyingi utapewa 1000 jumla, 500 zinalala bure. Sisi wa agronomia hii tunaijua kwa sheria ya Liebig: mmea unakua kwa kadiri ya chakula kilicho haba zaidi, hata ukimwaga mbolea ingine gunia zima.

Ninacholaumu zaidi ni namna tunavyosoma nusu. R ya RAID ni ya akiba, yaani njia ya kurudisha data diski ikifa. Ngazi za makala ni 1 mpaka 5. Ile inaitwa 0, inayokata vipande bila akiba yoyote, haimo. Jina lake lilikuja nyuma. Na wenyewe walionya: diski inayodumu kwa wastani saa 30,000, ukipanga 100 bila akiba, kundi linategemewa saa 300 tu. Hata wiki mbili hazitimii! Kwa diski mbili ni nusu ya muda wa moja, na hapo ni kama zote ni nzima. Yetu ya okazyo imeshachoka mbele ya kufika Uvira. Ikifa, memwari iliyokatwa vipande haisomeki, hata kama ile ingine bado iko muzima.

Mwenye diski mbili zisizolingana na TFC ya kulinda, aweke programu na kazi kwenye ile ya mbio, na nakala kwenye ile ya polepole. Hapo hakuna kungojana. Akitaka kweli nafasi moja kubwa, azifuatanishe: ya kwanza ikijaa, data iingie ya pili. Nafasi yote itatumika, ila akiba bado hakuna, na nakala itabidi aitafutie pengine, hata flashi ya rafiki.