Uzito na Ulaini wa Swichi za Kibodi: Uhakiki wa Istilahi Mbili

Katika kuzieleza swichi za kibodi, yaani vile vifaa vidogo vilivyo chini ya kila kitufe, mfasiri huvutwa na maneno mawili yaliyo karibu na ulimi: "uzito" na "ulaini". Maneno haya hayana ila katika mazungumzo ya kila siku. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hayatoshi kuwa istilahi, kwa kuwa kila moja limebeba dhana zaidi ya moja.

Tuanze na "uzito". Swichi iitwayo nzito haizidi nyingine mizanini. Kinachozidi ni kani ya kidole inayohitajika kuibonyeza. Kani hiyo hutokana hasa na springi: unene wa waya wake, upana na idadi ya mizunguko yake, na kiasi ilichobanwa kabla ya kitufe kuguswa. Unene wa waya ukiongezwa maradufu, mengine yote yakibaki vilevile, ukakamavu wa springi huongezeka mara 16. Kwa mfano, kampuni ya Cherry ya Ujerumani hutaja sentinyutoni 45 kwa swichi ya MX Red na 60 kwa MX Black, ingawa zote mbili huitika kitufe kikishashuka milimita 2 katika mwendo wa milimita 4. Wauzaji wengi huandika "gramu" mahali pa sentinyutoni. Tarakimu hukaribiana, lakini mwalimu wa fizikia hawezi kuliridhia jambo hilo, kwani gramu ni kipimo cha tungamo, si cha kani. Tena, springi huongeza kani kadiri inavyobanwa. Hivyo tarakimu moja haitoshi mpaka tuambiwe imepimwa wapi.

"Ulaini" una utata mkubwa zaidi. Twasema godoro laini, lisilo gumu. Unga laini, wenye chembe ndogo. Na ubao laini, usio na mikwaruzo. Basi "swichi laini" ni ipi? Ni ile yenye springi dhaifu, au ile inayoteleza bila kukwaruza? Sifa hizi ni mbili mbalimbali. Ya pili hutawaliwa na msuguano, nao hutegemea aina ya plastiki, usahihi wa kushikana kwa sehemu zake, vumbi na grisi. Swichi yenye springi ngumu yaweza kuteleza vizuri, na yenye springi dhaifu ikakwaruza. Na katika grisi "uzito" hurudi kwa sura nyingine: grisi nzito, kama uji mzito, yaweza kukichelewesha kitufe kurudi juu.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Ofisi ikiandika katika zabuni kwamba yahitaji vibodi "laini" kwa wapigachapa wenye maumivu ya vidole, mzabuni aweza kuleta swichi zilizopakwa grisi vizuri lakini zenye springi ngumu, na masharti yakawa yametimizwa. Maumivu yatabaki, wala hapatakuwa na wa kushtakiwa.

Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo:

(a) "kani ya kuitika": kani inayohitajika mahali ambapo swichi hupeleka ishara;
(b) "kani ya kikomo": kani inayohitajika kukifikisha kitufe mwisho wa mwendo wake;
(c) "mtelezo", na kinyume chake "mkwaruzo": hali ya mwendo wa swichi kwa upande wa msuguano;
(d) "mnato": sifa ya grisi, badala ya "uzito" wake.

Huenda ikasemwa kwamba watumiaji wamekwisha kuzoea "nzito" na "laini". Na waendelee; dukani na nyumbani maneno hayo yanafaa. Lakini katika kitabu cha mafunzo, mkataba au zabuni, neno lenye maana tatu ni sawa na pishi isiyo na ujazo maalumu: kila mtu hupima apendavyo.