Tahakiki ya Istilahi: Kusulubu na Msalaba

Istilahi hudhoofika kwa njia mbili: kwa kutotumiwa, na kwa kutumiwa mno. Neno kusulubu limepatwa na hali hii ya pili. Kanisani ni neno la ibada. Katika kurasa za michezo, timu iliyofungwa mabao mengi husemwa kuwa imesulubiwa. Kati ya madhabahu na uwanja wa mpira imefifia maana ya msingi, yaani adhabu ya kifo iliyotolewa na dola. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha hasara ya jambo hilo, hususa kwa mwandishi na mfasiri wa historia ya kale, na kupendekeza mgawanyo wa maneno ambayo tayari tunayo.

Tuanze na asili. Kusulubu na msalaba ni matawi ya mzizi mmoja wa Kiarabu, wa swadi, lamu na bee. Mzizi wa herufi hizo hizo umetupa pia sulubu, yaani nguvu na ukakamavu, kama katika kazi ya sulubu. Kwa hiyo asiyeonywa aweza kudhani kwamba aliyesulubiwa ni mtu aliyetumikishwa kazi ngumu. Aidha kitenzi chenyewe kina sura zaidi ya moja: tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952 ina kusulibisha, ambapo leo wengine huandika kusulubisha na wengine kusulubu, bila ya kueleza tofauti iliyopo.

Lakini kasoro kubwa zaidi ni ya dhana. Mwandishi wetu akutanapo na habari za Waajemi au Warumi waliomwadhibu mtu juu ya mti, hukimbilia kuandika kwamba alisulubiwa msalabani. Msomaji naye huona mara moja umbo analolijua, la miti miwili iliyopandana. Maandishi ya kale hayaturuhusu kuwa na hakika hiyo. Neno la Kigiriki stauros asili yake ni nguzo iliyosimikwa. Na vitenzi alivyotumia Herodotus kuhusu Waajemi vyaweza kumaanisha kumtundika mtu aliye hai, kumchoma kwa mti uliochongwa, au kuangika maiti. Mtaalamu wa Sweden, Gunnar Samuelsson, katika kitabu alichokichapisha mwaka 2011, alionyesha kwa urefu jinsi maneno hayo yalivyo mapana. Katika Kurani nayo, sura ya Twaha, Firauni awatishia wachawi wake kwa kitenzi cha mzizi wetu huo huo, na kinachotajwa hapo ni mashina ya mitende.

Kwa Warumi adhabu hii ilikuwa na utaratibu wake. Mhukumiwa alipigwa mijeledi, aghalabu akabebeshwa mti wa kukingama, kisha akafungwa au kupigiliwa misumari mbele ya watu. Ilikuwa hasa adhabu ya watumwa na waasi. Raia wa Kirumi kwa kawaida hakupewa. Mwaka 71 kabla ya Kristo, uasi wa Spartacus uliposhindwa, mateka wapatao 6,000 walisulubiwa kando ya barabara kutoka Capua hadi Roma. Josephus aeleza kwamba Yerusalemu ulipozingirwa mwaka 70, askari waliwapigilia mateka kwa mikao mbalimbali. Na mwaka 1968, katika kaburi moja la Yerusalemu, ilipatikana mifupa ya mtu aliyeitwa Yehohanan, msumari ungali umekwama katika kisigino chake.

Je, neno gani litoshe? Kunyonga hakufai, kwani ni kukaba koo. Kutundika na kuangika havisemi kama mtu yu hai au ni maiti. Kuwamba, lililo neno la ngozi na ngoma, lasema kunyoosha lakini halisemi kuua. Kwa maoni yetu, kusulubu libaki na fasili moja: kumfunga au kumpigilia mtu aliye hai juu ya mti ili afe hadharani. Maiti na itundikwe. Chanzo kisipoeleza namna, iandikwe kwamba mtu alitundikwa mtini, pasipo nyongeza. Kusulubisha lihifadhiwe kwa mwenye amri: askari walisulubu, Pilato alisulubisha. Na msalaba utajwe pale tu umbo linapojulikana.

Wako watakaosema kwamba tunagusa neno takatifu. Hatupendekezi Biblia isahihishwe. Twazungumzia uandishi wa historia. Hata hivyo Mkristo ndiye wa kwanza kufaidika. Paulo aliwakiri Wakorintho kwamba habari hii iliwachukiza Wayahudi na kuonekana upumbavu kwa wengine. Mchoro uliokwaruzwa ukutani katika kilima cha Palatino, Roma, unaokadiriwa kuwa wa mwaka 200 hivi, wamwonyesha mtu akimwabudu msulubiwa mwenye kichwa cha punda. Anayeujua msalaba wa dhahabu shingoni tu hawezi kufahamu mzaha huo, wala ujasiri wa wale waliochekwa, kwani hajui kwamba walimwabudu mtu aliyeuawa kifo cha mtumwa. Waislamu nao, ambao Kurani yao yakanusha kwamba Isa alisulubiwa, hutumia neno hili hili. Anayekubali na anayekanusha hawana budi kuwa wanazungumzia jambo moja. La sivyo, hata kutokubaliana kwao hakutakuwa na maana.

Imebaki dhana moja isiyo na jina: ule mti wa kukingama, ambao Warumi waliuita patibulum. Mafundi wa nyumba wanalo neno mtambaapanya kwa mti unaolala toka ukuta hadi ukuta, lakini huo umetulia juu ya nyumba, haubebwi mabegani mwa mtu anayekwenda kufa. Msomaji mwenye neno bora zaidi, hasa kutoka lahaja za mwambao, na atuletee.