Mkono Usiotajwa

Gitaa la besi halikufika Kirando. Lilipigwa Dar es Salaam, likaingia kwenye tepu katika studio za Radio Tanzania, Barabara ya Pugu, likarushwa hewani pamoja na wenzake, kisha likapotelea njiani. Walioukulia muziki wa dansi kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye kona hii ya Nkasi, waliujua wimbo mzima isipokuwa chini yake.

Naanza na jambo hili kwa sababu kila tunapozungumzia mapenzi ya wazee kwa bendi za Msondo au Sikinde tunaishia kwa waimbaji. Tunamsifu Muhidin Maalim Gurumo, tunamsifu Hassan Rehani Bitchuka, tunakumbushana mashairi, tunaona kazi imekwisha. Lakini mpenzi wa Kirando ni mtu wa aina yake. Hakuwahi kukanyaga ukumbi wa DDC Kariakoo. Hakumwona Gurumo akiimba. Bendi yake aliipata kupitia tundu dogo la spika, na ukitaka kujua kilichomshika kwa zaidi ya miaka 40, chunguza kwanza tundu lile lilipitisha nini.

Waya mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutetema mara 41 kwa sekunde. Spika ya redio ya betri, yenye upana wa kiganja cha mkono, haina nguvu ya kusukuma sauti nzito hivyo. Chini ya mitetemo 150 hivi inanong'ona tu. Ngoma kubwa ya mguu nayo inaangukia huko huko. Juu nako kuna ukomo, maana masafa ya kati na masafa mafupi, kwa jinsi vituo vinavyobanana hewani, hukata sauti karibu na mitetemo 4,500 au 5,000, kwa hiyo mng'ao wa matoazi ya dramu unageuka mchakacho wa mchanga. Kinachopita salama ni cha katikati: koo la mwimbaji, gitaa la solo, tarumbeta na saksafoni, na kijiti cha mpiga dramu kinapogonga ukingo wa ngoma ndogo. Ko. Ko-ko. Mlio huo mfupi na mkavu unakaa pale pale ambapo redio mbovu husikia vizuri.

Ongeza tabia ya masafa mafupi usiku. Mawimbi yale hugonga tabaka la juu la anga na kurudi ardhini, na mara nyingi yanafika kwa njia mbili zinazopishana kidogo. Zikikubaliana sauti inapanda. Zikipingana inazama, kama mtumbwi unaopotea nyuma ya wimbi na kuibuka mbele. Neno la mwimbaji likizama limekwenda, hujui alimlaumu mke au mama mkwe. Kijiti hakipotei kwa namna hiyo. Kinarudia mpangilio ule ule kila baada ya sekunde chache, na sikio likishaushika linaendelea kuugonga lenyewe mpaka sauti irudi. Ndiyo maana hata wimbo uliozama nusu nzima uliibuka ukawakuta watu bado wanatikisa vichwa kwa mwendo wake.

Usiku wenyewe ulichangia. Uvuvi wa dagaa unataka giza. Karabai haivuti samaki mwezi ukiwa umesimama angani. Mwezi ukipevuka nyavu hutundikwa, na wanaume waliozoea kukesha majini wanabaki macho nchi kavu, hawana kazi, wana redio. Betri zilizochoka zilikuwa zimeanikwa juani mchana kutwa, jirani na dagaa, ili zipate nguvu ya saa moja zaidi. Waya wa antena ulipanda mwembe. Hayo yalikuwa maandalizi ya dansi kwetu.

Turudi studioni. Kila bendi ilirekodi Radio Tanzania kwa pamoja, wote chumba kimoja, moja kwa moja kwenye tepu. Hakukuwa na kurekodi gitaa leo na sauti kesho. Mmoja akikosea dakika ya tano, wanaume kumi na kitu wanarudi mwanzo. Hali hiyo inamfunga mpiga dramu kuliko mwingine yeyote. Yeye ndiye mwenye chombo chenye kelele kuliko vyote chumbani, na akijimwaga anaingia kwenye maikrofoni za wenzake na kumfunika mwimbaji. Kwa hiyo wapiga dramu wa Dar walijifunza ubahili. Sehemu ya kwanza ya wimbo, ile ya kisa, ambayo kwa Sikinde inaweza kuchukua dakika nne na zaidi, mkono mmoja unagonga ukingo wa ngoma, matoazi yamefungwa kwa mguu, na nafasi zote zilizobaki anaachiwa mpiga tumba azijaze. Anayesikiliza kwa haraka atadhani mpiga dramu amelala. Jaribu wewe kukaa dakika nne hujaongeza kitu, hujapunguza kitu, na hujakimbia, huku mwimbaji mbele yako analia machozi ya kweli!

Halafu linakuja chemko, sehemu ya pili ya wimbo, ile ya kucheza. Hapa ndipo mafundi na wanafunzi hutofautiana. Mwanafunzi anaingia kwenye chemko kwa kuongeza mwendo, na wachezaji wanajikuta wanakimbizwa. Fundi anaufungua ule ule mwendo: mkono unaondoka kwenye ukingo na kuingia katikati ya ngozi, matoazi yanaachiwa kidogo, mrindimo mmoja mfupi unapita kwenye ngoma zote, na tarumbeta zinaingia juu yake. Saa ya ukutani haikubadilika sana, lakini kila mtu anaapa kwamba wimbo umeshika moto. Kwenye redio badiliko lile lilisikika kama mtu amefungua dirisha. Ko-ko ile kavu ilinenepa ghafla, na usiku wa mbalamwezi ukapata vumbi.

Sasa tazama majina. Msondo ni ngoma ndefu ya pwani, na Sikinde ni ngoma ya Wazaramo. Bendi zilipotafuta neno la kuita mtindo wao zilikwenda kwenye ngoma, na kwa maoni yangu hilo halikuwa pambo. Mtindo ulikuwa agano kuhusu mdundo: jinsi dramu na tumba zinavyogawana kazi, mahali pa kupumua, na namna chemko linavyofunguka. Kila bendi ilikuwa na wake. Maquis du Zaire walikuwa na Kamanyola, Orchestra Safari Sound wakaja na Ndekule. Mfipa wa Kirando, ambaye Uzaramo hakuujua hata kwa ramani, akajiita mtu wa Sikinde na kuwa tayari kugombana na shemeji yake kwa ajili hiyo.

Lililonifanya niandike uchambuzi huu ni uhamisho wa wanamuziki. Gurumo alikuwa NUTA Jazz, ndiyo Msondo, tangu bendi ilipoanza mwaka 1964. Mwaka 1978 akaondoka na kuwa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park, ndiyo Sikinde, pamoja na akina Abel Balthazar, Cosmas Chidumule, Joseph Mulenga na Michael Enoch. Mwaka 1985 akahamia Orchestra Safari Sound. Baadaye akarudi nyumbani Msondo, akastaafu mwaka 2013 na kufariki Aprili 2014. Bitchuka naye alipita kambi hizi kwa zamu, mara huku, mara kule. Kama mpenzi angekuwa anafuata sauti, basi wapenzi wa Msondo wote wangehamia Sikinde mwaka 1978, na wote wangeikimbia Sikinde mwaka 1985. Hawakufanya hivyo. Sauti moja iliimba pande mbili zilizohasimiana, na watu wakabaki pale pale walipokuwa. Bendi ya chama cha wafanyakazi ilibadili jina mara kadhaa kadiri chama chenyewe kilivyobadilika: NUTA, kisha JUWATA, kisha OTTU, mpaka ikabaki Msondo Ngoma. Mwimbaji wake, TX Moshi William, akafariki mwaka 2006. Wapenzi hawakusogea.

Sehemu ya jibu ni ya kiuchumi, na haina mahaba yoyote. Vyombo havikuwa mali ya wanamuziki. Wanamuziki wengi wa bendi hizi walikuwa waajiriwa, na magitaa, vipaza sauti na dramu vilikuwa vya mwajiri: chama cha wafanyakazi kwa NUTA, kampuni ya usafiri na teksi kwa Mlimani Park ya mwanzo, kisha Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, kuanzia mwaka 1983. Mwimbaji akihama anahama na koo lake. Mpiga dramu akihama anaacha ngoma zikiwa zimesimama ukumbini, ngozi zile zile, kukazwa kule kule, na anayekuja anakuta kiti chenye joto na mpiga tumba mzee anayejua kila kitu kinakwenda wapi. Mgeni anafundishwa mtindo na tumba kabla hajafundishwa wimbo. Hivyo watu wawili au watatu wanaweza kupokezana vijiti katika miaka 20, na msikilizaji wa Kirando asigundue kitu.

Ndiyo pia sababu msikilizaji huyo hakumjua mpiga dramu kwa jina. Mtangazaji alitaja bendi, wimbo na mtunzi. Waimbaji ndani ya wimbo waliita wapiga solo. Aliyesikika vizuri kuliko wote upande huu wa nchi hakutajwa.

Ng'ambo ya ziwa mambo yalikuwa kinyume. Kirando inatazamana na Kongo. Usiku mtulivu redio hiyo hiyo ukiizungusha kidogo ulikuwa Kinshasa. Zaiko Langa Langa, iliyoanzishwa tarehe 24 Desemba 1969 na vijana wa mji ule, ilifanya jambo ambalo bendi za Dar hazikuthubutu: ilitupa tarumbeta na saksafoni. Nafasi iliyobaki wazi haikupewa gitaa peke yake. Ngoma ndogo ya dramu ilisogezwa mbele, na mpiga dramu Meridjo Belobi akawa nyota kwa kukaa kitako. Kisa kinachosimuliwa ni kwamba mdundo ule wa kavasha, uliopewa jina la "machine ya Kauka", ulizaliwa safarini, kwenye reli ya zaidi ya kilomita 500 inayounganisha Brazzaville na Pointe-Noire. Hata asiyeamini visa vya wanamuziki atakubali kwamba hesabu inakubali. Reli za zamani ziliungwa vipande kwa vipande, na kila behewa lina magurudumu yaliyopangwa jozi jozi. Kila kiungo kinatoa mapigo mawili ya haraka, kimya, mapigo mawili tena. Ndivyo kavasha inavyokwenda: mguu unahesabu sawasawa chini, mkono unarundika mapigo na kuacha pengo, unarundika na kuacha pengo. (Mtu wa Kirando akisikia "Kauka" anafikiria dagaa juu ya mchanga. Neno si letu, lakini nani atamzuia?)

Kavasha ilipita kwenye tundu la redio bila kupoteza hata unyoya, kama vile ilitengenezwa kwa ajili yake. Ikaenea Nairobi, ikafika Dar, na chemko la miaka ya 1980 lina alama zake. Zaiko nao waligawanyika: mwaka 1988 baadhi yao, wakiwemo mwimbaji Bimi Ombale na mpiga dramu Ilo Pablo, walikwenda kuunda Familia Dei. Mwimbaji Jossart N'Yoka Longo akabaki na jina, Meridjo akabaki na vijiti.

Tofauti ya njia mbili hizi, ya Dar na ya Kinshasa, niliielewa nilipokuwa kijana, kwenye baa moja Sumbawanga, juu Ufipa kwenye baridi, siku niliposikia wimbo "Sina Makosa" wa bendi ya Les Wanyika katika spika kubwa kwa mara ya kwanza. Wimbo niliudhani naujua. Kumbe nusu yake ilikuwa chini: besi ya Tom Malanga inatembea kama mtu mwenye shughuli zake, na dramu za Rashid Juma ziko nyepesi kwa makusudi ili kumpisha. Nilikasirika kidogo. Miaka yote ile nilikuwa nimependa nusu ya wimbo, na nusu niliyoipenda ilinitosha.

Mwaka jana nilirudi Kirando nikiwa na simu iliyojaa rekodi za zamani, zimesafishwa, besi imerudi mahali pake. Nilikwenda na spika ya bluetooth ya kuazima, ile inayotetemesha meza. Mzee mmoja, mvuvi mstaafu, mtu wa Msondo tangu ikiitwa NUTA, alikuwa anafuma wavu kibarazani. Nilimwamkia, nikaomba tucheze mchezo: nampigia mwanzo tu, kabla ya mwimbaji kufungua mdomo, anitajie bendi. Alipata wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne alikwama. Nikadhani nimemshinda, tena kwa wimbo wa Msondo mtupu, wa bendi yake mwenyewe.

"Baba, huu huujui?"

Aliweka sindano ya wavu chini, akainamisha sikio.

"Mwanangu, punguza hilo linalonguruma. Linaniziba."

Nilishusha besi mpaka mwisho, spika ikabaki inalia kama redio ya mbao. Kijiti kikatokea. Mzee hakusubiri mapigo manne.

"NUTA," akasema, akaokota sindano.