Watunza Viwanja wa Ligi za Chini

Jumamosi ya Januari, saa moja asubuhi, Uingereza bado ina giza. Katika uwanja wa klabu ndogo, watu wachache wenye mabuti ya mpira wanakunja maturubai yaliyofunika nyasi usiku kucha ili kuzuia jalidi. Turubai lililolowa ni zito, na vidole hufa ganzi.

Kisha huja zamu ya uma wa bustani. Mtu huudidimiza ardhini, huutikisa, huuchomoa, husogea hatua moja na kurudia, ili maji yaliyotuama yapate pa kushukia. Golini, panapochimbika zaidi, humwagwa mchanga. Mwamuzi atakuja kukagua: akikuta madimbwi, au ardhi iliyoganda, mechi inaahirishwa na viingilio vinapotea. Wengi wa watunza viwanja hawa hawalipwi hata senti.

Februari 5, 1972, Hereford, klabu ya nje ya ligi ya kulipwa, iliitoa Newcastle ya daraja la juu kwa mabao 2-1 katika Kombe la FA, kwenye tope, baada ya mvua kuahirisha mechi hiyo zaidi ya mara moja. Shuti la mbali la Hereford lililosawazisha bado huonyeshwa. Walioufanya uwanja ule uchezeke hawaonyeshwi.

Atakayefika kwenye viwanja hivyo majira ya baridi awatafute, awape mkono.